Tutawasaka: Nani, Amsake Nani, Mpaka Lini

Hotuba ya ufunguzi wa mdahalo wa wazi kuhusu uzalendo, hofu na maneno ya siasa katika vita dhidi ya ugaidi

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mtakaosimama kujadili hoja leo, hamjambo.

Mada mliyotupa ina maneno mazito matatu au manne. Tumeona tuibebe kwa neno moja ambalo kila mtu hapa amelisikia: "tutawasaka". Shambulio likitokea, kabla hata majeruhi hawajahesabiwa, kiongozi husimama mbele ya rundo la maikrofoni akalitamka. Limetumika mpaka limechakaa. Siku hizi linapita masikioni kama rambirambi.

Lakini Kiswahili hakijui kuficha. Neno ni moja, ila limeungwa kwa vipande, na kila kipande kina swali lake. TU: nani anafanya? TA: lini, na mpaka lini? WA: anafanyiwa nani? SAKA: anafanyiwa nini? Hotuba ya dakika ishirini kuhusu usalama, ukiipasua vizuri, haina zaidi ya hayo manne. Ama msemaji amezijaza nafasi hizo mwenyewe, ama ameziacha wazi ili msikilizaji azijaze kwa hofu yake. Ya kwanza ni ahadi. Ya pili ni ngoma.

Tuanzie mkiani, kwenye kitenzi.

Kusaka ni kazi ya mwindaji. Mwindaji hahitaji ushahidi, anahitaji nyayo, na akishampata mnyama kazi imekwisha. Mpelelezi ana vitenzi vyake: kuhoji, kukamata, kushtaki, kuthibitisha. Havina mvuto jukwaani, lakini kila kimoja kina mwenyewe, kina karatasi yake na kina saa yake. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kusaka hakuna saa. Ndiyo maana wanasiasa wanakipenda: hakuna siku utakayomrudia kiongozi umwulize mbona hakusaka.

Sasa tazameni vitenzi vilivyozaa matunda. Washambulizi waliingia Westgate, jengo la maduka jijini Nairobi, Septemba 21, 2013, wakaua watu 67. Waliokula njama nao hawakufungwa na sauti ya jukwaani. Walifungwa na kesi iliyojikokota miaka mingi, mashahidi wakihojiwa na mawakili wa utetezi, hadi Oktoba 2020 watu wawili wakahukumiwa vifungo vya miaka 33 na miaka 18. Kesi ya Chuo Kikuu cha Garissa, walikouawa watu 148 Aprili 2, 2015, ilimalizika mwaka 2019: mmoja kifungo cha maisha, wawili miaka 41 kila mmoja. Katika kesi zote mbili kuna walioachiliwa. Wengine huona hiyo kama aibu, sisi tunaona ndiyo inayoipa hukumu uzito. Hakimu anayeweza kusema "huyu hana hatia" ndiye tunayemwamini akisema "huyu anayo".

Hata uwanjani, kinachookoa watu si ukali wa kitenzi. Westgate ilivurugika kwa sababu kikosi maalumu cha polisi na wanajeshi waliingia jengo moja bila kamanda mmoja, ikafika hatua ya kufyatuliana risasi wenyewe kwa wenyewe, na shughuli ikavutika hadi siku ya nne. DusitD2, hoteli na ofisi jijini Nairobi, ilipovamiwa Januari 15, 2019, watu 21 waliuawa. Lakini vikosi viliwahi, amri ilishikamana zaidi, mamia ya watu wakatolewa wakiwa hai, na kesho yake asubuhi ilikuwa imekwisha. Kati ya mashambulio hayo mawili, yaliyobadilika ni mazoezi, mawasiliano na nani anampa nani amri. Maneno ya jukwaani yalikuwa yale yale.

Twende kwenye WA. Hapa tutakaa, maana silabi hii moja ina tumbo kubwa. Inaweza kumeza watu watano. Inaweza kumeza mtaa.

Mapema Aprili 2014, baada ya shambulio la kanisa huko Likoni, Mombasa, na mlipuko wa Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, serikali ya Kenya ilianzisha operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Watu wapatao 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali, raia na wakimbizi wakichanganywa pamoja, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa hati. IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, iliichunguza operesheni hiyo ikaona haki zimevunjwa: watu wamewekwa ndani kupita muda wa sheria, seli zimefurika, malalamiko ya kudaiwa hongo yamejaa. Eastleigh wana neno lao la siku nyingi kuhusu jambo hilo. Husema polisi wameugeuza mtaa kuwa ATM.

Tuache haki kando kwa dakika mbili, tuzungumze hesabu peke yake, kwa sababu mtetezi wa msako hujibu upesi kwamba haki zinaweza kungoja. Chukua mtaa wa watu 100,000. Jaalia humo mna wahalifu 10 wa kweli wa ugaidi. Jaalia pia una njia ya kuchuja watu iliyo bora kuliko yoyote duniani: inasema kweli mara 99 katika 100, kwa mwenye hatia na kwa asiye na hatia. Pitisha mtaa mzima. Wale 10 utawanasa karibu wote. Lakini katika wale 99,990 waliobaki, asilimia 1 watapigwa muhuri kimakosa, nao ni watu 1,000. Ndani ya zizi sasa una watu 1,010, na mia kwa mmoja ndiyo uwiano wako. Kila mmoja akihojiwa na maafisa wawili kwa saa nne, umetumia saa 8,080 za kazi ya maafisa, na saa 8,000 kati ya hizo umezitumia kwa watu wasio na lolote. Na hiyo ni njia yenye usahihi wa asilimia 99. Kitambulisho kilichoisha muda, lafudhi, au umbo la pua havifiki hata nusu ya hapo.

Halafu kuna hasara isiyoingia kwenye hesabu. Anayejua kwamba chumba cha nyuma kimepangishwa na mtu asiyesalimia, anayeingia na mizigo usiku, ni jirani. Polisi hajui. Mwanajeshi hajui. Jirani huyo akishalala uwanjani siku tatu akiulizwa babu yake alizaliwa wapi, simu ya kuripoti haipigi tena. Usimwite msaliti. Amefanya hesabu yake: nikipiga, watakuja, na wakija watanikamata mimi.

WA ina kosa jingine, la kutaja jina mapema mno. Machi 11, 2004 mabomu yalilipuka katika treni za abiria mjini Madrid, yakaua zaidi ya watu 190. Uchaguzi mkuu ulikuwa umebaki siku tatu. Serikali ya Uhispania ilishikilia kwamba ni ETA, kundi la Wabaski, na siku hiyo hiyo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 1530 lililolitaja ETA kwa jina. Azimio la dunia nzima, ndani ya siku moja, na jina lilikuwa si lenyewe. Ushahidi ulianza kuelekeza kwingine karibu mara moja, kwa wafuasi wa itikadi ya Al-Qaeda, na Machi 14 chama tawala kikashindwa. Hadi leo watu hubishana kama wapiga kura waliwaogopa magaidi au waliwaadhibu waliosema kabla ya kujua. Vijana wa mdahalo, hoja hiyo ichukueni, ina nyama pande zote mbili.

London, Julai 22, 2005, wiki mbili baada ya mabomu ya treni na basi ya mjini humo na siku moja baada ya jaribio la pili lililofeli, polisi walimpiga risasi Jean Charles de Menezes ndani ya treni kwenye kituo cha Stockwell. Saa za mwanzo zilijaa habari kwamba alivaa koti zito siku ya joto na kwamba aliruka kizuizi akikimbia. Alikuwa fundi umeme Mbrazili aliyevaa koti jepesi la jinzi, na aliingia kwa kadi yake kama abiria mwingine. Kwa hiyo habari za saa 24 za kwanza ziandikwe kwa penseli, hata zikitoka kwa mwenye magwanda.

Kwa vitendo, fanyeni hivi. Chukueni nakala ya hotuba. Pigeni mstari chini ya kila "wao", "hawa", "wale", na kila WA iliyojificha katikati ya kitenzi: tutawasaka, tutawafurusha, tutawamaliza. Pembeni ya kila mstari andikeni nomino: kundi gani, watu gani, waliofanya nini. Pale ambapo nomino haiji, au inakuja kabila au dini, hapo ndipo pana tundu.

TU ndiyo nyumba ya uzalendo. Mzalendo kwa asili ni mzaliwa wa nchi, mtu wa pale. Jukwaani neno limehamishwa, sasa linaitwa mzalendo yule anayeitikia. Na Kiswahili hapa kinamsaidia mwanasiasa, kwa bahati mbaya: TU yetu ni moja tu. Haisemi kama ni sisi serikali, sisi chama, au sisi pamoja nawe unayesikiliza. Kiongozi akisema "tumeamua", mwenye kiti cha plastiki nyuma kabisa hujiona naye ameamua.

Mfano ulioandikwa vizuri kwenye kumbukumbu ni wa Marekani. Siku tatu tu baada ya Septemba 11, 2001, Bunge lao lilipiga kura kumruhusu rais atumie nguvu za kijeshi dhidi ya waliohusika na mashambulio yale. Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 420 kwa 1. Huyo mmoja alikuwa Barbara Lee wa California. Hoja yake haikuwa kwamba wauaji waachwe. Alisema ruhusa ile ni hundi isiyojazwa kiasi. Aliitwa msaliti, akatishiwa kuuawa, akawekewa walinzi. Tarehe 20 mwezi huo huo Rais Bush akaliambia Bunge kwamba kila taifa sasa lina uamuzi wa kufanya: ama liko nasi, ama liko na magaidi. Sentensi ya namna hiyo haimwachii mtu wa tatu mahali pa kusimama, yule anayesema niko nanyi ila naomba nisome kwanza.

Na kusoma kulikuwa na faida. Ruhusa ile haikutaja nchi hata moja, wala tarehe ya mwisho. Al-Shabaab haikuwapo mwaka 2001. Ilijitokeza Somalia miaka kadhaa baadaye. Hata hivyo, mwishoni mwa 2016 serikali ya Obama iliitafsiri ruhusa ile ile ifunike Al-Shabaab kwa ujumla. Miaka 15 baadaye, katika Pembe ya Afrika, kura iliyopigwa Washington ndani ya siku tatu za kilio bado ilikuwa inafanya kazi. Mkitaka kumwona yule mmoja wa 420 kwa 1 kama mzalendo au kama mkaidi, hiyo ni kazi yenu leo. Sisi tunasema alisoma.

Uzalendo wa aina nyingine ulionekana Desemba 21, 2015 karibu na El Wak, Kaunti ya Mandera. Wavamizi walisimamisha basi wakawataka abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, abiria wa basi jingine la Mandera walitengwa hivyo hivyo na 28 wakauawa. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa. Baadhi ya wanawake waliwapa wenzao vitambaa vya kichwa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akiwa miongoni mwa waliokataa, akafariki mwezi uliofuata. Hapo hapakuwa na maikrofoni. Kuna TU iliyosemwa pale barabarani, na ilikuwa na mipaka inayojulikana: sote tuliomo ndani ya basi hili.

Kabla ya TA, neno kuhusu hofu, maana wapo wanaharakati wanaoizungumzia kana kwamba ni ujinga wa wananchi. Hofu si ujinga. Mama aliyempeleka mtoto chuoni Garissa alikuwa na haki ya kuogopa. Shida ni hofu inayogawiwa bila maelekezo. Marekani ilianzisha Machi 2002 mfumo wa tahadhari wa rangi tano, kutoka kijani mpaka nyekundu. Ulidumu hadi Aprili 2011, na katika miaka hiyo yote nchi haikushuka hata siku moja kufika buluu wala kijani. Raia aliamka akaambiwa leo ni njano, au leo ni chungwa. Afanye nini? Asiende kazini? Hakuambiwa. Onyo linalofaa lina sehemu nne: mahali, kipindi, kitendo anachotakiwa raia kukifanya, na saa ambayo onyo litaondolewa au kupitiwa upya. Onyo lisilo na hizo halimlindi anayelisikia, linamlinda aliyelitoa. Likitokea jambo atasema tuliwaambia, na lisipotokea atasema tulilizuia.

Basi TA, wakati ujao. Huu ndio mlango ambao sheria za hofu huingilia na kukataa kutoka.

Novemba 21, 1974 mabomu yaliua watu 21 katika baa za Birmingham, Uingereza. Siku 8 baadaye sheria ya kuzuia ugaidi ilikuwa imeshapita. Jina lake rasmi lilibeba maneno "masharti ya muda". Muda huo uliongezwa, sheria ikatungwa upya, ikaongezwa tena, hadi ilipobadilishwa na sheria ya kudumu ya mwaka 2000. Na watu sita waliofungwa maisha kwa mabomu yale, waliokamatwa kwa haraka ya siku zile zile, waliachiliwa Machi 1991 baada ya kuonekana kwamba hukumu haikuwa salama. Miaka 16 gerezani. Waliolipua kweli walikuwa wapi muda wote huo? Huru. Hilo husahaulika: kila asiye na hatia aliyefungwa ni mwenye hatia aliyeachwa.

Marekani waliipitisha Sheria ya PATRIOT, kifupisho kilichotengenezwa makusudi ili herufi zisomeke "mzalendo", ikatiwa sahihi Oktoba 26, 2001, siku 45 baada ya shambulio. Seneti ilikuwa 98 kwa 1. Nani anataka jina lake liandikwe kwamba alipinga Uzalendo? Ila waliotunga walifanya jambo moja la busara: vifungu 16 viliwekewa tarehe ya kuisha, Desemba 31, 2005. Vingi vilifanywa vya kudumu mwaka 2006, kweli. Lakini tarehe iliwalazimisha kurudi mezani. Kifungu cha 215, kilichotumika kukusanya rekodi za simu za mamilioni ya watu, kilibanwa mwaka 2015 na kikaachwa kiishe Machi 2020. Bila tarehe hakuna mtu ambaye angekigusa. Ufaransa nao walitangaza hali ya hatari Novemba 2015, Bunge likairefusha mara sita, ikakoma Novemba 1, 2017, siku chache baada ya sheria mpya kuhamishia sehemu ya mamlaka yale kwenye sheria ya kawaida. Dharura ilitoka kwa mlango wa mbele na kurudi kwa dirisha.

Na kwetu. Baada ya mauaji ya basi la Mandera na ya wachimba mawe wa huko huko, 36, mapema Desemba 2014, Bunge la Kenya lilijadili Mswada wa Kurekebisha Sheria za Usalama. Ulipitishwa Desemba 18 katikati ya vurugu, wabunge wakirushiana karatasi na ngumi, ukatiwa sahihi Desemba 19. Uligusa sheria zaidi ya 20 kwa mpigo. Hapo pana hila ya kiufundi inayostahili kujulikana: mswada wa aina hiyo hauna hadithi. Unasema "ondoa neno hili, weka lile" katika sheria ambayo haipo mbele yako. Ili uuelewe unahitaji sheria zote zile wazi mezani, na siku chache za mwezi wa Krismasi hazitoshi.

Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu kadhaa Januari 2, 2015, na Februari 23 majaji watano wakabatilisha vifungu 8. Kimoja kilifanya kosa la jinai kuchapisha picha au habari za kutisha zinazoweza kuleta hofu kwa umma: faini hadi shilingi milioni 1 au kifungo hadi miaka 3, na kwa chombo cha habari faini hadi milioni 5. Nani angepima utisho? Sheria haikusema. Kingine kiliweka kikomo cha wakimbizi 150,000 katika nchi iliyokuwa na zaidi ya 500,000, bila kueleza waliozidi waende wapi. Lakini msiondoke hapa mkisema mahakama iliitupa sheria yote. Haikuitupa. Mamlaka ya kunasa mawasiliano, kwa mfano, yalibaki, kwa sababu yaliambatanishwa na idhini ya mahakama. Majaji walitumia Kifungu cha 24 cha Katiba: haki inaweza kupunguzwa, ila kwa sheria iliyo wazi, kwa sababu ya kweli, na kwa kiasi kisichozidi haja.

Sasa lipitisheni swali ambalo kila mbunge angepaswa kuulizwa: kifungu gani kingezuia shambulio? Miezi mitatu na nusu baada ya sahihi ile, Garissa ikavamiwa, alfajiri. Kikosi maalumu kilikuwa Nairobi, kikafika baada ya saa nyingi, na wavamizi walikabiliwa jioni. Kosa la kuchapisha picha halikuisogeza ndege hata hatua moja kuelekea Garissa. Ilichohitaji siku ile ni ndege iliyo tayari, amri isiyozunguka ofisi nne, na walinzi zaidi langoni. Hayo yote ni bajeti na ratiba, na hayapigiwi makofi.

Msidhani tunawasifu wenye maneno laini. Anders Behring Breivik alipoua watu 77 nchini Norway Julai 22, 2011, Waziri Mkuu Stoltenberg alijibu kwamba dawa ni demokrasia zaidi na uwazi zaidi, na dunia ikampenda kwa hilo. Ni hotuba nzuri, tunaifundisha. Lakini tume ya uchunguzi ilitoa ripoti Agosti 2012 ikasema bila kumung'unya kwamba shambulio la bomu lingeweza kuzuiwa kwa hatua zilizokuwa zimekwisha kupitishwa. Barabara ya Grubbegata, inayopita kando ya ofisi za serikali, iliamuliwa ifungwe mwaka 2004. Miaka 7 baadaye ilikuwa bado wazi, na gari la bomu likapita. Maneno ya upole nayo huacha nafasi tupu. Tofauti ni kwamba Wanorway waliunda tume, ikasema, na ripoti ikasomwa. Baada ya Westgate tuliahidiwa tume. Haikuundwa, na ripoti ya kamati za Bunge ilikataliwa na Bunge lenyewe.

Mheshimiwa mwenyekiti, muda wetu unakwisha. Kwenye meza zenu tumeacha karatasi yenye safu nne, TU, TA, WA, SAKA, na chini yake mistari miwili: "Kifungu gani kingezuia shambulio?" na "Kinaisha lini?" Upande wa utetezi wa hoja utakaposema sheria kali zinahitajika, upande wa pili usikimbilie neno "haki" kama ngao, maana nalo hutumiwa bila nomino. Ulizeni namba ya kifungu. Na ninyi watetezi, mkiulizwa, msijibu kwa "uzalendo". Soma kifungu kwa sauti, sema nani atakitekeleza, kwa fedha zipi, na siku gani Bunge litakirudia.

Upande wa kwanza, mna dakika saba. Tunaomba mwanze na namba.